Tundu la RJ45 katika bati la Thomson: kisa cha TiVo iliyopoteza simu

Mashine yenyewe ni Thomson PVR10UK, kinasa video cha TiVo kilichoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2000. Ni kasha la chuma chembamba lenye upana wa deki ya VHS. Ndani mna diski ya GB 40, prosesa ya PowerPC 403GCX inayokimbia kwa MHz 50 na ushei, na kumbukumbu ya MB 16, vyote vikiendeshwa na Linux. Mgongoni ina soketi za SCART (zile pana za Ulaya za kupitisha picha na sauti), tundu la antena, soketi ya simu, na kijitundu cha milimita 3.5 cha kupitishia amri kwenda kwenye king'amuzi. Soketi ya mtandao haina. Waliounda mashine hii walitegemea laini ya simu: kila siku ilipiga, ikapakua mwongozo wa vipindi wa wiki mbili hivi, ikakata. Mambo yote mazuri ya TiVo, kama kufuata tamthilia moja hata muda wake ukihamishwa, hutegemea mwongozo huo. Ukiisha, mashine inarudi kuwa deki ya kawaida ya kutegeshewa saa.

Hii ninayoieleza ilikuwa ya mama mmoja wa Mombasa aliyehamia Uingereza zamani. Radi ilipita kwenye nguzo za simu za mtaa wao ikaingia kwa waya wa simu na kuua modemu. Vingine vyote vilisalimika: picha ilikuja, diski ilizunguka, rimoti ilijibu. Lakini kila jaribio la kupiga simu liliishia kwenye ujumbe kwamba hakuna mlio wa laini, na laini ilikuwepo, kwa sababu simu ya mezani iliyochomekwa palepale ilifanya kazi. Mwongozo ukawa unapungua siku hadi siku.

Mtu angeuliza kwa nini asinunue nyingine. Jibu liko kwenye malipo. Mnunuzi wa TiVo Uingereza alikuwa na njia mbili: pauni 10 kila mwezi, au pauni 199 mara moja kwa uhai wote. Uhai huo ulikuwa wa mashine, si wa mteja. Uliandikwa dhidi ya namba ya huduma ya kasha lile lile, na haukuhamishwa. Yule mama alikwisha kulipa pauni 199 zake. Kutupa kasha kulikuwa sawa na kutupa risiti, na zaidi ya hapo mashine hizi zilikwisha kuondoka madukani. Kwa hiyo swali lilikuwa namna ya kuipatia mashine hii hii mlango mwingine wa kutokea nje.

Njia zilikuwepo tatu. Ya kwanza ni kubadilisha vipande vya modemu juu ya mazabodi, yaani ubao mkuu wa mashine. Vipande ni vidogo, vimelehemiwa juu juu kwa miguu myembamba, na ukishamaliza bado umebaki na modemu ileile inayongoja radi ijayo. Ya pili ni kutumia kile kijitundu cha milimita 3.5, ambacho kwa kweli ni mlango wa siriali, unaopitisha data biti moja baada ya nyingine. TiVo inaweza kuamriwa ipige simu kupitia modemu ya nje, au iongee na kompyuta kwa PPP, itifaki ya kupitisha intaneti kwenye waya kama huo, kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde. Njia hii ni rahisi na haikati kitu. Ila kijitundu hicho kinatumika pia kuamrisha baadhi ya ving'amuzi, na kompyuta lazima iwe imewashwa pembeni kila mashine inapotaka kupiga. Ya tatu ni kadi ya mtandao. Nikachagua hiyo.

Inawezekanaje kuweka kadi ya mtandao kwenye mashine isiyo na nafasi ya kadi? Hapa ndipo mfululizo wa kwanza wa TiVo unapofurahisha. Ukifungua kasha utaona upande mmoja wa mazabodi umeachwa na vidole vya shaba vilivyopangwa kwenye ukingo, bila soketi yoyote juu yake. Nje ya kiwanda havikuwa na kazi. Andrew Tridgell, yule Mwaustralia aliyeandika Samba, programu ya kushirikiana mafaili na kompyuta za Windows, na aliyeshiriki kubuni rsync, ya kunakili mafaili, alikuwa na TiVo huko Australia wakati mashine hizo hazijauzwa kwao, na kwa hiyo hazikuwa na namba ya kupiga. Alichunguza vidole vile, akagundua vinaweza kuendesha kadi ya mtandao ya kawaida ya ISA (aina ya nafasi ya kadi ya zamani) iliyotoka kwenye kompyuta ya zamani, akatengeneza kipande cha kuviunganisha. Ikaitwa TiVoNet. Baadaye kampuni ya SiliconDust, ambayo wengi leo wanaijua kwa vifaa vya HDHomeRun vya kupokea televisheni kupitia mtandao, ikatoa kadi ndogo iliyotengenezwa mahususi, TurboNet, inayokaa moja kwa moja juu ya ukingo ule.

Hili liliwezekana pia kwa sababu mfululizo wa kwanza haukuwa na ukaguzi mkali wa saini za programu kama warithi wake. Mashine za baadaye zilikataa kuwasha kernel (kiini cha Linux) iliyoguswa, na mabishano juu ya tabia hiyo ndiyo moja ya sababu za vifungu vipya vya GPL, leseni ya programu huru, toleo la 3, mwaka 2007. Kwenye Thomson ya mwaka 2000 mwenye mashine bado ni mwenye mashine.

Basi kadi ipo, inakaa, inafanya kazi. Tatizo ni kwamba soketi yake ya RJ45, ile ya kebo ya mtandao, inabaki ndani ya kasha. Hakuna tundu lililochongwa nyuma likiisubiri. Waya lazima utoke, na kasha ni la chuma pande zote.

Wenye TiVo wengi walitatua hili kwa njia fupi: wanachomeka kebo kwenye kadi, wanaipitisha kwenye matundu ya hewa, au wanaikandamiza chini ya mdomo wa kifuniko, wanafunga skrubu. Inafanya kazi hiyo jioni. Lakini mdomo wa kifuniko ni bati lililokatwa kiwandani, una makali, na kila mtu anaposogeza mashine kupangusa vumbi kebo inasagwa kidogo. Waya za ndani ya kebo ya mtandao ni nyembamba, unene wa nusu milimita hivi, na plastiki inayozivika ni nyembamba zaidi. Kuna pia suala la mtu kuvuta. Kebo inayotoka bila kushikwa popote huhamishia mvuto wote kwenye kadi, na kadi imeshikwa na msuguano tu kwenye vidole vya shaba. Kadi ikikaa upande huku umeme unapita, mazabodi inaweza kufa.

Mama mwenyewe alikuwa na sharti lake. "Mwanangu, mimi sitaki waya wa kuning'inia ubavuni kama mkia. Wageni huja hapa. Kama watoboa, toboa vizuri." Sharti hilo likaamua muundo: itakuwa soketi halisi mgongoni, inayochomekwa na kuchomolewa kama zile za SCART, na ndani kutakuwa na kipande kifupi cha kebo kutoka kadi hadi soketi.

Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kutumia tundu la simu, maana modemu imekufa na soketi yake haina kazi tena. Nilipima, nikaliacha. Plagi ya RJ45 ina upana wa milimita 11.7, ya simu aina ya RJ11 ni milimita 9.65, kwa hiyo tundu lingepanuliwa hata hivyo. Soketi ya simu nayo imelehemiwa kwenye mazabodi, na kuing'oa ni kazi ya joto jingi juu ya ubao wenye tabaka kadhaa. Ningekuwa nahatarisha kitu kizima ili kuokoa sentimita mbili za bati. Lakini jirani ya soketi hiyo palikuwa na eneo tupu, na eneo hilo likageuka kuwa pazuri.

Kuchagua mahali kulichukua muda mrefu kuliko kukata, na ndivyo inavyopaswa. Kwanza, upande wa pawa saplai haufai. Kwenye TiVo hizi pawa saplai ni ubao ulio wazi, hauna sanduku lake. Voti 230 za ukutani zinaingia, zinageuzwa kuwa mkondo mnyoofu wa voti 325 hivi, na kukaa kwenye kapasita kubwa inayoonekana kwa macho. Sitaki waya wa mtandao upite karibu na hapo, wala sitaki mkono wangu ukaribie. Pili, feni. Waya uliolegea ukigusa mapanga yake unapiga kelele kwanza, kisha unasimamisha feni, kisha diski inapata joto. Tatu, sanduku dogo la bati la chombo cha kupokea antena, ambalo linasikiliza masafa ya UHF, yale ya televisheni, na halipendi majirani wenye kelele. Nne, mdomo wa kifuniko unashuka kiasi gani ndani ya ukuta wa nyuma: ukikata juu mno, soketi inagongana na kifuniko na hutajua mpaka utakapotaka kufunga. Tano, kina. Soketi pamoja na kebo inayopinda nyuma yake vinahitaji nafasi. Kebo ya Cat5, ile ya kawaida ya mtandao, isipindwe kwa nusu kipenyo kinachopungua mara nne ya unene wake, yaani kama milimita 25, kwa hiyo nilitafuta mahali penye zaidi ya sentimita 4 tupu ndani. Na sita, jambo ambalo watu husahau kwa sababu wanapima mashine ikiwa uchi mezani: plagi za SCART ni pana na nene. Soketi ikikaa katikati yake, kidole hakifiki kwenye ulimi wa plagi ya mtandao na hutaweza kuichomoa bila kuchomoa kila kitu. Nilichomeka SCART zote kwanza, ndipo nikaweka alama.

Sasa aina ya soketi. Zipo zile za duara za vifaa vya muziki wa jukwaani, zinazotaka tundu la milimita 24 na skrubu mbili. Ni imara kweli, na kukata duara ni rahisi kuliko mraba. Lakini mwili wake ni chuma, na hapo kuna jambo la umeme linalostahili kuelezwa kwa utulivu.

Vifaa vingi vya sebuleni havina waya wa ardhi. Kasha lake linaelea. Kupitia kapasita ndogo za kuchuja kelele kwenye pawa saplai, kasha hubeba umeme hafifu, ule unaousikia kama mtekenyo ukipitisha mgongo wa kidole juu ya chuma. Kasha hilohilo limeungwa na ngao ya waya wa antena, na ngao ya antena huenda imeungwa na ardhi mahali pengine kabisa, juu ya paa au kwa jirani. Kompyuta kwa upande wake ina plagi ya miguu mitatu na ardhi yake mwenyewe. Ukitumia soketi ya chuma iliyofungwa kwenye kasha pamoja na kebo yenye ngao, umeunganisha ardhi hizo mbili kwa waya mwembamba. Matokeo yake huwa mlio wa chini kwenye spika, mistari inayopanda polepole kwenye picha, au cheche ndogo unapochomeka. Ethaneti, yaani mtandao wa waya, imebuniwa kuepuka hili. Kila upande una transfoma ndogo, na kiwango cha IEEE 802.3 kinadai utengano unaostahimili voti 1,500. Data hupita, umeme wa ardhi haupiti. Ngao ya chuma inapita pembeni ya ulinzi huo kana kwamba haupo. Kwa hiyo: soketi ya plastiki, kebo isiyo na ngao, na hakuna kitu cha mtandao kinachogusa kasha.

Nikachukua soketi ya kistoni, ile ndogo ya mraba inayobanwa kwenye vibao vya ukutani maofisini. Inapatikana kila mahali na ni rahisi. Shida yake ni kwamba kucha zake zimetengenezwa kushika plastiki nene, na tundu lake ni la milimita 14.5 kwa 16 hivi bila huruma: likizidi kidogo inacheza, likipungua haiingii. Bati la kasha lina unene wa milimita moja. Ukikata tundu kamili kwenye bati jembamba hivyo, soketi inashika kwa kulegea, na kila unapochomeka plagi inasukumwa ndani.

Suluhisho ni kutoitegemea bati kabisa. Nilinunua kibao cha ukutani cha plastiki chenye tundu la kistoni, nikakata kipande kuzunguka tundu hilo nikiacha masikio pande mbili, nikatoboa masikio kwa skrubu za milimita 3. Kipande hicho kinakaa nyuma ya bati, ndani ya kasha, na soketi inabanwa kwenye plastiki iliyotengenezwa kwa ajili yake. Tundu la bati sasa linaweza kuwa kubwa kidogo, milimita 18 kwa 20, bila kuhitaji usahihi wa sonara, kwa sababu kazi yake ni kupitisha plagi tu. Nguvu ya kuchomeka inaenda kwenye skrubu mbili. Na plastiki inayoshika soketi ndiyo hiyo hiyo inayoitenga na kasha.

Kabla ya kukata, kila kitu kilitoka. Kifuniko hufunguka kwa bisibisi ya nyota, Torx namba 10, na mabano ya diski kwa namba 15. Nasema kila kitu: diski, mazabodi, pawa saplai, feni, hata utepe wa waya wa paneli ya mbele, ambao hukatika kwenye soketi yake ukivutwa kwa pembe. Wapo wanaokata huku mazabodi ikiwa ndani imefunikwa kwa gazeti. Chenga za chuma hazisomi gazeti. Moja ikijificha chini ya kipande chenye miguu mia, mashine inawaka vizuri leo na kufa mwezi ujao mtu akiisogeza. Pawa saplai niliiacha imechomolewa kwa muda mrefu, nikapima kapasita kubwa kwa mita kabla ya kuigusa, na niliishika kwa kingo hata mita iliposema sifuri.

Kukata bati jembamba ni kazi ya subira zaidi kuliko nguvu. Utepe wa karatasi wenye gundi juu ya ukuta pande zote mbili, ili rangi isichunike na alama ionekane. Mistari kwa penseli na rula ya pembe. Senta panchi kwenye pembe nne, vinginevyo keekee huteleza na kuchora mstari ambao mwenye mashine atauona kila siku. Nyuma ya bati nikabana kipande cha mbao kwa jiriwa: bati la milimita moja lisiposhikwa, keekee inapotokea upande wa pili hulinyanyua na kulizungusha, na vidole viko karibu. Matundu madogo ya milimita 4 kwenye pembe, halafu mengine yaliyosogeleana ndani ya mstari, halafu koleo la kukatia kati ya tundu na tundu mpaka kipande cha katikati kikaanguka. Kilichobaki ni meno, na meno ni kazi ya tupa. Tupa bapa yenye meno madogo, ukisukuma upande mmoja tu, usirudishe ukiwa umeikandamiza. Mwisho tupa ya duara kidogo kwenye pembe na msasa kuzunguka ukingo mzima, mpaka uzi wa pamba ukipitishwa usikwame.

Bati lililokatwa limepoteza koti lake la zinki hapo kwenye ukingo, na nyumba za Uingereza zina unyevu. Mama akaleta rangi ya kucha isiyo na rangi. Tabaka mbili zilitosha, na hukauka haraka kuliko rangi ya dukani.

Usafi ulifanywa kwa brashi, kisha utupu wa mashine ya vumbi, kisha sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki ili chenga ziondoke ukigeuza mfuko. Sumaku hiyo ilikaa chumba tofauti na kile chenye diski. Baada ya hapo utepe wa karatasi ukabandikwa na kubanduliwa kwenye kona zote za sinia. Inashangaza utepe huo unaibuka na nini hata baada ya sumaku.

Waya wa ndani ni kipande cha kebo ya kawaida kilichokatwa upande mmoja. Upande wenye plagi unaingia kwenye kadi, upande uliokatwa unapigwa kwenye meno ya soketi kwa mpangilio wa rangi uitwao T568B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kwa mtandao wa megabiti 10 au 100 ni waya nne tu zinazofanya kazi, ya 1, 2, 3 na 6. Nne nyingine zingeweza kukatwa, lakini nilizipiga zote, kwa sababu atakayefungua baadaye asianze kujiuliza. Jozi zisifumuliwe zaidi ya milimita 13, kwa kuwa msokoto huo ndio unaozuia kelele.

Watu wengine huogopa kwamba tundu kwenye kasha la chuma litavujisha mawimbi. Tundu la milimita 20 ni dogo mno kuwa mlango mzuri kwa masafa ya mashine hii, ambayo mapigo yake ya msingi yana urefu wa wimbi wa mita tano na zaidi. Kinachobeba kelele nje ni waya wenyewe unaopita kwenye tundu. Kwa hiyo nilibana pete ya feraiti, inayonyonya kelele za masafa ya juu, kwenye kebo ya nje, karibu na soketi, na ndani nikaishikilia kebo kwenye sinia kwa vifungo vya plastiki mbali na utepe wa diski na mbali na chombo cha antena. Soketi iliwekwa ulimi wa plagi ukiwa chini na meno ya shaba yakiwa juu, ili vumbi linaloingia lianguke pasipo na mguso.

Majaribio yalifanyika kifuniko kikiwa wazi ila mikono ikiwa mbali. Kwanza kwa mita, umeme haupo: kila mguu wa soketi ya nje unafika kwenye mguu wake wa plagi ya ndani, na hakuna hata mmoja unaofika kwenye kasha. Kadi ikakaa kwenye vidole vyake, nikaangalia kwa tochi kutoka upande kwamba haijaruka kidole kimoja. Ndipo umeme. Taa ya kiungo ikawaka kwenye kadi. Rauta ya siku hizo haikuwa na uwezo wa kujigeuza yenyewe kati ya kebo nyoofu na ya kuvuka (ambayo waya za kutuma na kupokea zimebadilishana), lakini kwa kuwa kadi inajiona kama kompyuta, kebo nyoofu hadi kwenye rauta ilikuwa sahihi.

Programu sitaikalia sana. Diski inatolewa, inawekwa kwenye kompyuta ya mezani, inanakiliwa yote kwanza, halafu kompyuta inawashwa kwa sidii ya kufungia draiva, programu ya kuendesha kadi, iliyotolewa kwa kadi hizi. Unachagua aina ya kadi, unachagua kupata anwani kwa DHCP, yaani rauta iigawie yenyewe, basi. Diski inarudi kwenye TiVo. Kwenye menyu ya kupiga simu, mahali pa kuandika namba za mwanzo, unaingiza alama ya mkato, reli na 401. Kwa binadamu haina maana. Kwa TiVo inamaanisha acha simu, tumia mtandao. Simu ya majaribio ikapita mara ya kwanza, na mwongozo ukaanza kushuka.

Yule mama alitegemea kwamba sasa kila kitu kitakwenda upesi, na hapo ilibidi nimweleze. Kupakua kulikuwa kwa haraka. Lakini baada ya kupakua, mashine hupanga upya hifadhidata yake yote ya vipindi, na prosesa ile, pamoja na kumbukumbu yake ya MB 16, inaifanya kazi hiyo kwa mwendo wake, mtandao au simu. SiliconDust walikuwa na kadi nyingine, CacheCard, yenye nafasi ya kumbukumbu hadi MB 512 kwa ajili ya kuhifadhi hifadhidata hiyo karibu, na kwa aliyechoshwa na menyu zinazosita ndiyo ilikuwa ya kununua. Kwa mtu aliyetaka mwongozo tu urudi, niliona si lazima.

Onyo nililompa mwanawe aliyekuja kuchungulia lilikuwa kuhusu upande mwingine wa tundu. Mashine hizi zikishafunguliwa watu huziwekea kurasa za kuiendesha kwa kivinjari na mlango wa telnet, wa kuiamrisha kwa maandishi kutoka kompyuta nyingine, na telnet hiyo haina neno la siri. Ndani ya nyumba ni sawa. Kwenye rauta kusiwe na mlango hata mmoja unaoelekezwa kwenye TiVo kutoka nje, hata kama anataka kutegesha kurekodi mechi akiwa kazini. Kijana alikubali kwa shingo upande.

Tarehe 1 Juni 2011 huduma ya TiVo ya mashine za Thomson ilizimwa Uingereza, na pauni 199 za uhai wote zikafika mwisho wa uhai wake. Watu wa kujitolea walikuwa wamekwisha kujenga mwongozo wao mbadala unaoshuka kupitia intaneti, wakiuandika kwa umbo ambalo mashine ingeuamini. Mama alinipigia kuuliza kama anunue king'amuzi kipya. Nikamwambia angoje mwanawe abadilishe mipangilio kwanza, maana soketi tayari anayo.